Kompyuta Ndogo ya Nyumbani: Usinunue Boksi Usilolijua

Wahenga walisema, usilolijua ni kama usiku wa giza. Akina mama wengi wakiingia katika duka la kompyuta huuona usiku huo mchana kweupe. Kijana wa dukani hutaja herufi na namba kwa kasi kubwa, hugonga boksi kwa kidole, kisha husema, "Mama, hii ni kali sana." Na mama yule yule ambaye sokoni haoneki kwa nyanya zilizolala, wala hadanganyiki na kitenge kinachochuja rangi, hapa hubaki kuuliza mambo mawili tu: bei na rangi.

Lakini fedha anayokwenda kuitoa si ndogo. Pengine ni zamu yake ya upatu aliyoingojea mwaka mzima. Pengine ni akiba ambayo ingelipa ada ya muhula ya mtoto mmoja. Akirudi nyumbani na mashine nzito inayochukua dakika tano kuwaka, au ambayo baada ya mwaka haitapata tena matengenezo ya usalama, hasara hiyo haitakuwa ya baba wala ya fundi. Itakuwa ya nyumba nzima.

Katika makala hii tutatazama namna ya kuchagua kompyuta ndogo ya mezani kwa matumizi ya kila siku ya familia. Hatuzungumzii kompyuta za mafundi wa sinema wala za wachezaji wa michezo mikubwa. Tunazungumzia kompyuta ya kuandika barua, kusoma, kutunza picha na kufanya kazi za shule.

Je, nyumba yako inaihitaji?

Yafaa tuanze na swali hili, maana si kila nyumba inahitaji kompyuta. Kama kazi yako ni kupokea ujumbe, kupiga simu ya picha na kutuma fedha, simu uliyo nayo yatosha. Usinunue kompyuta kwa sababu jirani anayo.

Hata hivyo, ziko kazi ambazo simu huzifanya kwa taabu. Mtoto wa kidato cha nne hawezi kuandika kazi ya kurasa kumi kwa kidole gumba. Kijana anayeomba mkopo wa elimu ya juu, au kazi kupitia Ajira Portal, hujaza fomu ndefu na kupandisha vyeti vyake vyote. Maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania ina vitabu vya kiada, na kurasa zake husomeka vizuri zaidi kwenye kioo kikubwa. Kwa wenzetu wa Kenya, kuna huduma za eCitizen, maombi ya vyuo kupitia KUCCPS, na taarifa ya kodi ya mwaka ambayo hutakiwa kufika KRA kabla ya Juni 30 kwisha.

Mama naye ana kazi zake. Hesabu za kikoba, orodha ya wateja wa mikate au nguo, kumbukumbu za kikundi, barua ya kwenda kwa mwalimu mkuu. Kila mara mambo haya yanapopelekwa steshenari huliwa na gharama ndogo ndogo. Tena siri za familia, kama vile namba ya kitambulisho na vyeti vya kuzaliwa vya watoto, hubaki katika kompyuta ya mtu usiyemjua.

Chukua daftari. Kwa mwezi mmoja andika kila shilingi iliyokwenda steshenari na kila kazi iliyokushinda kwenye simu. Mwisho wa mwezi daftari hilo litakujibu vizuri kuliko muuzaji yeyote.

Kwa nini ya mezani, na kwa nini ndogo?

Wengi wakisikia kompyuta ya mezani hukumbuka lile boksi kubwa ambalo tumezoea kuliita CPU, lililojaa chini ya meza likivuma kama feni ya dari. Siku hizi yapo maboksi madogo sana. Yale yaliyotengenezwa kwa ajili ya maofisi, kama Lenovo ThinkCentre Tiny, Dell OptiPlex Micro na HP EliteDesk Mini, yana upana wa kama sentimita 18 kila upande na unene wa sentimita tatu na nusu hivi. Ni ukubwa wa kitabu kinene. Linaweza kukaa juu ya rafu ya vitabu, au likafungwa nyuma ya kioo lisionekane kabisa.

Ipo pia Mac mini ya kampuni ya Apple, iliyoanza kuuzwa mwaka 2005. Ile iliyotolewa mwaka 2024 ina sentimita 12.7 tu kila upande. Ni mashine nzuri na tulivu, ila memori yake haiongezwi baada ya kununua, na si kila mji una fundi anayeijua. Kwa mama wa Songea au Kakamega jambo hilo ni la kufikiriwa.

Je, si afadhali kompyuta ya mkononi, yaani laptopu? Laptopu ina faida mbili kubwa: hubebeka, na ina betri inayoishikilia umeme ukikatika. Kama wewe ni mwalimu unayekwenda nayo kazini, nunua laptopu bila wasiwasi. Lakini kwa kompyuta ya nyumba nzima, ile ya mezani ina faida zake. Kibodi ikimwagikiwa chai hubadilishwa kibodi peke yake. Kioo kikipasuka hununuliwa kioo, boksi likabaki. Kwenye laptopu, mtoto akiiangusha mara moja huenda yote yakaharibika pamoja. Tena laptopu hutembea: leo iko sebuleni, kesho iko chumbani kwa kijana mlango umefungwa. Ya mezani hukaa pale mlipoiweka. Mzazi ataelewa uzito wa jambo hilo.

Lugha ya dukani

Mambo matatu ndiyo yanayoamua kama kompyuta itakufaa: prosesa, memori na diski. Yaelewe haya, na yule kijana wa dukani atakuheshimu.

Prosesa ndiyo ubongo wa mashine. Wauzaji hupenda kusema, "Hii ni Core i5," kisha wakanyamaza. Kusema hivyo ni sawa na kusema "hili ni gari la Toyota" bila kutaja mwaka. Core i5 zimetengenezwa tangu mwaka 2009 hadi miaka ya karibuni, na ya kwanza na ya mwisho ni kama mbingu na nchi. Omba namba kamili. Ukiona i5-6500T, tarakimu ya kwanza baada ya kistari ni 6, maana yake ni kizazi cha 6. Ukiona i5-8500T, ni kizazi cha 8. Ikiwa namba ina tarakimu tano, kama i5-10500T, soma mbili za mwanzo: ni kizazi cha 10. Herufi T mwishoni huonyesha prosesa iliyobuniwa kula umeme kidogo, nayo ndiyo hupatikana zaidi katika maboksi haya madogo.

Basi ukiambiwa ni Core i5, mjibu kwa upole, "Sawa mwanangu, hebu nionyeshe namba yake yote."

Memori, ambayo dukani huitwa RAM, ni kama meza ya jikoni. Meza ikiwa ndogo, unaweka sufuria moja, unaondoa ubao wa kukatia, kazi inakwenda polepole. GB 4 ni meza ya chumba cha kupanga, itakuchosha mapema. GB 8 zatosha kwa kuandika, kusoma na kutazama video. GB 16 ni raha, hasa kama watoto wawili watu wazima wanaitumia kwa masomo ya chuo. Uzuri wa yale maboksi ya ofisini ni kwamba mengi yana nafasi mbili za memori, na memori yenyewe ni ya aina ile ile ya laptopu. Waweza kuanza na GB 8 leo, ukaongeza mwakani mambo yakiwa mazuri.

Diski ni kabati la kuhifadhia. Hapa kuna aina mbili. Ipo ya zamani yenye sahani inayozunguka, na ipo ya SSD isiyo na kitu kinachozunguka. Nunua ya SSD, hata ikiwa ndogo. Tofauti yake si ndogo: kompyuta yenye diski ya zamani yaweza kukufanya uchemshe chai kabla haijawaka, na ile ile ikiwekewa SSD huwaka kabla hujakaa vizuri kitini. SSD ya GB 256 yatosha kwa familia nyingi. Picha zikizidi, zitahamia kwenye diski ya nje, kama tutakavyoona.

Mpya au ya mtumba?

Kompyuta nyingi ndogo zinazouzwa Kariakoo au Luthuli, Nairobi, zilitumika kwanza katika maofisi ya Ulaya, Marekani na nchi za Ghuba. Makampuni ya huko hubadilisha mashine zao kila baada ya miaka michache, hata kama bado ni nzima. Hakuna aibu kununua mtumba wa namna hiyo. Mashine ya ofisi ilitengenezwa kufanya kazi mchana kutwa, na mara nyingi ni imara kuliko mpya ya bei rahisi isiyo na jina.

Lakini kuna mtego mmoja ambao kila mama yafaa aujue. Mnamo Oktoba 14, 2025, kampuni ya Microsoft ilikoma kutoa matengenezo ya kawaida ya usalama kwa Windows 10. Walioingia katika mpango maalumu wa nyongeza walipewa muda hadi Oktoba 2026. Windows 11 nayo haikubaliki rasmi katika kila kompyuta. Kwa prosesa za Intel, kwa kawaida hudai kizazi cha 8 kwenda mbele, pamoja na kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0.

Matokeo yake ni haya: kompyuta nyingi za kizazi cha 4 hadi cha 7 zilishuka bei ghafla, nazo zikaonekana kama zawadi. Wapo mafundi wanaolazimisha Windows 11 iingie humo kwa njia za panya. Huwaka, na siku ya kwanza utafurahi. Lakini Microsoft haikuahidi kuzitunza mashine hizo, na siku matengenezo yatakapogoma fundi atakuwa amehamia mtaa mwingine. Kompyuta isiyopata matengenezo ya usalama ni kama nyumba ambayo kitasa chake kila mwizi amepata ufunguo wake. Kama humo ndimo unamofungulia akaunti ya benki, hatari si ya kubahatisha.

Kwa hiyo shika kanuni hii: kwa Windows, kizazi cha 8 au zaidi. Katika Tiny za Lenovo, M720q ni ya kizazi hicho, lakini M710q iliyofanana nayo kama pacha ni ya nyuma yake. Katika zile za HP, G4 ndiyo mwanzo wa kizazi cha 8 kwa EliteDesk 800. Kwa Dell, tazama 3060, 5060 au 7060.

Na kama fedha haifiki hapo? Basi kompyuta ya kizazi cha 6 bado yaweza kutumika vizuri kwa mfumo wa bure kama Linux Mint, ambao hupata matengenezo yake bila malipo. Utahitaji siku chache kuuzoea, na baadhi ya programu za Windows hazitaingia. Kwa kuandika, kusoma na intaneti, unatosha.

Kwa anayetaka mpya kabisa, tangu mwaka 2023 yamekuja maboksi madogo yenye prosesa ya Intel N100. Hula umeme kidogo sana, na kazi za kawaida za nyumbani huziweza. Ila soma sana kabla ya kununua: baadhi yake yana memori iliyounganishwa moja kwa moja na ubao, isiyobadilishika. Ukinunua yenye GB 4, umenunua GB 4 za maisha.

Vitu visivyomo ndani ya boksi

Hapa ndipo bajeti za wengi huvunjika. Bei uliyotajiwa mara nyingi ni ya boksi peke yake. Kabla ya kufurahi, uliza habari za vitu hivi:

Kioo. Inchi 22 au 24 zapendeza kwa macho ya watu wazima na watoto. Cha mtumba si kibaya, ila kiwashe, ufungue ukurasa mweupe na utafute madoa na mistari.

Waya wa kioo. Maboksi mengi ya ofisini hutumia tundu liitwalo DisplayPort, na baadhi yake hayana HDMI ile iliyo kwenye televisheni yako. Tazama matundu ya pande zote mbili, kisha nunua waya unaooana. Usifike nyumbani jioni ukakuta havikutani.

Adapta ya umeme. Maboksi haya hutumia adapta ya nje kama ya laptopu. Dai ile halisi ya kampuni yake, yenye wati zilizoandikwa kwa ajili ya mashine hiyo. Adapta ya kubahatisha huunguza mashine nzima.

Wi-Fi. Kompyuta nyingi zilizotoka maofisini hazina, kwa kuwa huko zilitumia waya. Kama nyumbani mnatumia rauta au mtandao wa simu, utahitaji kile kifaa kidogo cha kuchomeka kwenye tundu la USB.

Spika, kamera na kipaza sauti. Boksi halina kamera. Kama shangazi aliyeko Muscat au Toronto huonekana kwa simu ya picha, na ungependa watoto wamwone kwenye kioo kikubwa, panga kununua kamera.

Kibodi na kipanya. Ni vya bei nafuu, na vya waya havimalizi betri.

Jumlisha vyote hivi kwanza. Ikibidi, punguza ukubwa wa kioo. Usipunguze memori wala SSD.

Jaribio la nusu saa dukani

Usinunue kompyuta iliyozimwa. Muuzaji mwema hatakasirika ukikaa. Fanya hivi:

Iwashe mwenyewe, ukitazama saa. Ikiwa na SSD nzima isikuchukue zaidi ya dakika moja hivi.

Bonyeza kwa pamoja Ctrl, Shift na Esc. Patafunguka mahali panapoonyesha utendaji wa mashine, na humo utaona jina la prosesa, kiasi cha memori, na kama diski ni SSD. Linganisha na ulivyoambiwa.

Tazama tarehe na saa. Ikiwa imerudi miaka ya nyuma kila inapochomolewa, kibetri kidogo cha ndani kimekwisha. Si tatizo kubwa, kwani betri ya CR2032 ni ya bei ndogo, lakini ni hoja nzuri ya kupunguziwa.

Mwombe muuzaji aingie katika mipangilio ya mwanzo, ile iitwayo BIOS. Ikidai neno la siri ambalo yeye halijui, iache. Huenda ilifungwa na ofisi iliyokuwa nayo, na kuifungua ni kazi ya gharama.

Chomeka fleshi katika kila tundu. Cheza video ya dakika kumi, kisha weka mkono juu ya boksi na usikilize. Joto la kawaida si neno. Mlio wa kukwaruza ni feni inayokufa.

Mwisho, dai risiti yenye namba ya mashine na muda wa dhamana. Dhamana ya mdomo huisha muuzaji akigeuza kisogo.

Umeme na gharama zake

Mama mwenye LUKU huogopa kila kitu chenye waya, na ana haki. Tupige hesabu. Tuseme boksi dogo linakula wastani wa wati 20 katika kazi za kawaida, na kioo chake wati 20. Jumla ni wati 40. Mkiitumia saa tano kwa siku, ni uniti 0.2, na kwa siku 30 ni uniti 6. Pasi ya wati 1000 hula uniti hizo hizo kwa saa sita za kunyoosha. Kompyuta kubwa ya zamani na kioo chake, zikila wati 120 kwa pamoja, zitachukua uniti 18 kwa muda ule ule. Tofauti ya uniti 12 kila mwezi ni fedha ya kununulia kitu.

Adui mkubwa zaidi ni umeme unaokatika na kurudi kwa kishindo. Kompyuta ya mezani haina betri, hivyo umeme ukikatika barua isiyohifadhiwa hupotea, na diski yaweza kudhurika. Nunua UPS ndogo ya VA 650 hivi. Haitaiendesha kompyuta usiku kucha, lakini itakupa dakika za kutosha kuhifadhi kazi na kuzima kwa utaratibu. Kwa kuwa boksi dogo hula kidogo, dakika hizo huwa nyingi kuliko kwa boksi kubwa. Printa ya wino wa unga usiichomeke kwenye UPS hiyo. Huvuta umeme mwingi kwa mkupuo.

Programu za halali

Mafundi wengi hukuwekea Windows na programu za ofisi zilizovunjwa kufuli, wakisema ni bure. Si bure, ni za wizi, na mara nyingi kile kilichovunja kufuli ndicho hicho kinacholeta virusi. Jambo hili lina upande wa dhamiri pia, maana watoto hutazama tunachofanya.

Habari njema ni kwamba kompyuta nyingi zilizotoka maofisini huja na leseni halali ya Windows iliyomo ndani ya mashine yenyewe. Fungua mipangilio, tazama sehemu ya uamilishaji, uone kama imekubaliwa. Kwa kuandika na hesabu, tumia LibreOffice, ambayo ni ya bure na halali, nayo hufungua faili za Word na Excel. Kinga ya virusi inayokuja na Windows yatosha kwa nyumba, mradi uache matengenezo yake yaingie.

Wala Kiswahili si mgeni katika kompyuta. Mwaka 2004 wataalamu waliohusiana na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyosema Kiswahili. Windows nayo imewahi kuwa na Kiswahili miongoni mwa lugha zake. Kama bibi au msaidizi wa nyumbani atapenda kujifunza, asizuiwe na Kiingereza.

Iwekwe wapi?

Iwekwe sebuleni, kioo kikitazama mahali watu wanapopita. Hakuna programu inayoshinda macho ya mama anayepita na beseni la nguo. Mtoto anayejua kwamba kioo kinaonekana hujizuia mwenyewe, na hata akikutana na jambo baya bila kutaka, kuna mtu karibu wa kumwuliza.

Pamoja na hayo, mfungulie kila mtoto akaunti yake ya kawaida, na ile ya msimamizi ibaki kwa wazazi wawili tu. Microsoft Family Safety hukuwezesha kupanga saa za matumizi na kuzuia kurasa mbaya. Lakini ujue kwamba kizuizi hicho cha kurasa hufanya kazi ndani ya kivinjari cha Edge; kijana akitumia kivinjari kingine kisichozuiwa, kizuizi hakimfuati. Ndiyo maana kanuni za nyumbani ni lazima zisemwe kwa mdomo: saa ngapi, baada ya kazi gani, na nini hakifunguliwi.

Kioo kiwe mbali kwa urefu wa mkono, ukingo wake wa juu ukilingana na macho. Kila baada ya dakika 20, mtoto atazame mbali, kama mita sita, kwa sekunde 20. Macho yatapumzika.

Kuhusu picha za harusi, ubatizo na za wazazi waliotangulia: zisikae mahali pamoja. Nunua diski ya nje, nakili picha zote mara moja kwa mwezi, kisha ihifadhi mbali na kompyuta, ikiwezekana nyumba ya ndugu. Mwizi akichukua boksi, au diski ikifa, sura ya mama yako haitapotea pamoja nayo.

Na wewe mama, je?

Katika nyumba nyingi kompyuta ikifika hugeuka kuwa ya baba na wavulana. Mama hubaki kuifuta vumbi. Wengine husema, "Mimi wa zamani, siwezi." Wasisahau kwamba mwaka 1974 Serikali ya Tanzania ilizuia uingizaji wa kompyuta na televisheni nchini. Watu wa rika hilo hawakuzaliwa wazito wa kuelewa; kitu chenyewe hakikuwepo mbele yao. Nani angejifunza kuendesha baiskeli asiyoiona?

Kaeni na mwenzako kabla ya kununua. Andikeni pamoja kazi ambazo kompyuta itafanya, na kazi zako ziwemo katika orodha hiyo. Nenda naye dukani, ukiwa na karatasi yenye mambo manne: kizazi cha 8 au zaidi, memori GB 8 au zaidi, diski ya SSD, na jumla ya bei ikiwa na kioo, waya na UPS. Kisha ikifika nyumbani, dai zamu yako kama wengine, hata nusu saa tu baada ya watoto kulala. Anza na jambo dogo: andika hesabu za kikoba za mwezi huu. Ukikosea, futa. Mashine haikasiriki wala haisimulii majirani.

Baada ya miezi mitatu wanakikundi wenzako watakapouliza nani anaweza kuandika taarifa ya mwaka, hutahitaji kumtazama kijana wa steshenari.